Neil Franklin: Namba 5 aliyeikacha Kombe la Dunia akafuata mkwanja Bogota

KIKOSI cha England kilichopanda ndege kwenda Brazil kwa Kombe la Dunia la 1950 kilikuwa na majina ya kutisha. Alikuwamo Stanley Matthews, alikuwamo Tom Finney, walikuwamo Wilf Mannion na Stan Mortensen. Nahodha alikuwa Billy Wright wa Wolves. Beki wa kulia alikuwa Alf Ramsey, yule yule aliyekuja kuipa England ubingwa wa dunia 1966 akiwa kocha.

Pengo lilikuwa moja tu, na lilikuwa katikati ya ukuta. Namba 5 wao wa kila siku hakuwamo. Hakuwa majeruhi, wala kocha hakuwa amemtema. Alikuwa na miaka 28, umri ambao beki wa kati ndiyo kwanza anakomaa, na alikuwa hajakosa hata mechi moja ya timu ya taifa tangu vita kuu ya pili ilipomalizika.

Wenzake wakihangaika Brazil, yeye alikuwa bara hilo hilo la Amerika Kusini, nchi jirani, akiichezea klabu ya Santa Fe ya Bogota, Colombia, kwenye ligi ambayo FIFA ilikuwa haiitambui. Jina lake ni Neil Franklin, na uamuzi ule ulimgharimu karibu kila alichokuwa amekijenga.

Kijana wa Stoke

Franklin alizaliwa Januari 24, 1922, katika mtaa wa Shelton, mji wa Stoke-on-Trent, eneo la Uingereza linalojulikana kwa viwanda vya vyombo vya udongo. Kwa mtoto wa pale mwenye mpira mguuni, ndoto ilikuwa moja: Stoke City. Ndiyo timu aliyokuwa akiichezea Stanley Matthews, winga aliyekuwa akijaza viwanja nchi nzima.

Stoke ilimchukua Franklin akiwa bado kinda, na mwanzoni mwa 1939 akasaini kuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa na miaka 17. Miezi michache baadaye, Septemba, vita ikalipuka na ligi ikasimamishwa.

Kwa wachezaji wengi wa kizazi kile vita ilikula miaka yao bora. Franklin alikuwa na bahati kidogo, kwa sababu ilimkuta akiwa mdogo. Alitumikia jeshi la anga, lakini mpira wa wakati wa vita uliendelea kuchezwa na Stoke walimtumia mara kwa mara. Hadi ligi inarudi rasmi Agosti 1946, alikuwa na miaka 24, ana uzoefu wa kutosha na mwili haujachoka.

Beki asiyebutua

Hapa ndipo utamu wake ulipokuwa. Enzi zile beki wa kati wa Kiingereza alikuwa na kazi moja: kumkaba straika, kuruka vichwa na kubutua mpira uende popote, hata jukwaani. Mabeki wengi walikuwa mibabe, na mashabiki walipenda hivyo hivyo.

Franklin alikuwa kinyume. Mpira ukimfikia alitulia nao. Aliweza kumpiga chenga straika ndani ya boksi lake mwenyewe, roho za mashabiki zikiwa juu, halafu akatoka nao taratibu na kumpasia kiungo mguuni. Alisoma mchezo mapema, kwa hiyo mara nyingi alifika kwenye mpira kabla ya adui na hakuwa na haja ya kuvunja mtu. Kwa lugha ya leo ungemwita beki anayeanzisha mashambulizi kutoka nyuma. Mwaka 1946 namba 5 wa namna hiyo alikuwa kitu cha ajabu.

Wapo wengi waliomwona akicheza na waliokufa wakiamini kwamba England haijapata kuwa na beki wa kati bora kuliko yeye.

Ubingwa uliopotea kwa mechi moja

Msimu wa kwanza baada ya vita, wa 1946-47, Stoke City ilikaribia kuandika historia. Baridi kali ya mwaka ule iliahirisha mechi kibao na ligi ikaburuzwa mpaka Juni. Stoke ilikuwa kwenye mbio za ubingwa mpaka siku ya mwisho.

Lakini kulikuwa na moto ndani ya nyumba. Matthews na kocha Bob McGrory walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mei 1947, zikiwa zimebaki mechi chache kabisa, Stoke ikamuuza Matthews kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Mji mzima ulipigwa na butwaa.

Juni 14, 1947, Stoke ilikwenda Sheffield kucheza na Sheffield United. Hesabu ilikuwa rahisi: ikishinda, inafikisha pointi 57 sawa na Liverpool na inatwaa ubingwa kwa uwiano wa mabao. Ikafungwa 2-1. Liverpool wakawa mabingwa, Manchester United na Wolves wakafuata kwa pointi 56, na Stoke ikaangukia nafasi ya nne kwa pointi 55.

Franklin hakuukaribia tena ubingwa namna ile. Mpaka anaondoka Stoke alikuwa amecheza mechi 142 za ligi, na kabatini hakukuwa na medali hata moja kubwa.

Mechi 27, hakukosa hata moja

Kwenye timu ya taifa ilikuwa hadithi nyingine. Septemba 28, 1946, England ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi baada ya vita, ugenini Belfast dhidi ya Ireland Kaskazini. Walter Winterbottom alikuwa ndiyo anaanza kazi ya ukocha. Siku hiyo Franklin, Wright na Finney walivaa jezi ya England kwenye mechi rasmi kwa mara ya kwanza. England ikashinda 7-2.

Kuanzia siku hiyo namba 5 haikuwa na mjadala. Mei 1947 alikuwamo England ilipoipiga Ureno 10-0 mjini Lisbon. Mei 1948 alikuwamo Italia ilipochapwa 4-0 kwao Turin, moja ya matokeo makubwa kabisa ya England ugenini. Kushoto na kulia kwake walisimama watu kama Billy Wright na Henry Cockburn wa Manchester United.

Aprili 15, 1950, England ilikwenda Hampden Park, Glasgow, kucheza na Scotland. Mechi ile ilikuwa na uzito wa ziada kwa sababu mashindano ya nchi za Uingereza yalikuwa yakitumika pia kutafuta timu za kwenda Kombe la Dunia. Roy Bentley akafunga, England ikashinda 1-0 na kumaliza kinara. Scotland, waliokuwa wamesema hawataenda Brazil kama si mabingwa, wakabaki nyumbani.

Ilikuwa mechi ya 27 ya England tangu vita kwisha, na Franklin alikuwa amecheza zote 27. Hakuna aliyejua kwamba ilikuwa ya mwisho kwake.

Viwanja vimejaa, mfuko mtupu

Ili kumwelewa Franklin, angalia fedha.

Mpira wa Uingereza baada ya vita ulikuwa na watu balaa. Msimu wa 1948-49 pekee, zaidi ya watu milioni 41 waliingia viwanjani kutazama mechi za ligi. Klabu zilikuwa zikihesabu noti kila Jumamosi.

Mchezaji hakuziona. Kulikuwa na sheria ya kikomo cha mshahara, na wakati ule kikomo kilikuwa pauni 12 kwa wiki msimu ukiendelea na pauni 10 wakati wa mapumziko. Mkishinda mnaongezwa pauni 2, mkitoka sare pauni 1. Haikujalisha wewe ni Matthews anayejaza uwanja au ni beki wa akiba, klabu haikuruhusiwa kuvuka pale. Kwa mwaka mzima, staa wa timu ya taifa alikuwa anapata kama pauni 600 hivi, mbali na hizo bonasi.

Kibaya zaidi, hakuwa na pa kukimbilia. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, lakini ukiisha mchezaji hakuwa huru. Klabu ilikuwa na haki ya kushikilia usajili wake. Kama haitaki kumuuza, anabaki. Akigoma kusaini anakaa nyumbani bila mshahara, na hakuna klabu nyingine ya ligi inayoruhusiwa kumgusa. Mchezaji angeweza kuuzwa kwa maelfu ya pauni na yeye mwenyewe akaambulia kiasi kidogo tu kisheria.

Franklin alikuwa na mke, Vera, na familia ya kulea. Alijua kwamba goti moja likivunjika, zile mechi 27 hazitamlipia kodi ya nyumba.

Mwito kutoka Colombia

Wakati huo huo, upande wa pili wa dunia, mambo yalikuwa yameharibika kwa namna iliyowafaa wachezaji.

Colombia ilianzisha ligi ya kulipwa 1948, na Santa Fe ikawa bingwa wa kwanza. Waendeshaji wa ligi wakakosana na chama cha soka cha nchi, ligi ikajikuta nje ya FIFA. Kwa klabu za Colombia kufungiwa kuligeuka dili. Kwa kuwa hazikuwa chini ya FIFA, hazikulazimika kumlipa mtu ada ya uhamisho wala kuomba kibali. Unamwendea mchezaji, unampa mkwanja, anapanda ndege.

Argentina nako wachezaji walikuwa wamegoma kudai maslahi. Millonarios ya Bogota ikamchukua Adolfo Pedernera, kisha wakaja Nestor Rossi na kijana mmoja aliyeitwa Alfredo Di Stefano, ambaye baadaye Real Madrid ilimjenga Ulaya nzima ikamjua. Kipindi kile Wacolombia wanakiita El Dorado.

Santa Fe, mahasimu wa Millonarios katika jiji lile lile, hawakutaka kubaki nyuma. Rais wao, Luis Robledo, alikuwa amesoma Cambridge na aliujua mpira wa Kiingereza. Akaamua kutupa ndoano Uingereza, na jina la kwanza lilikuwa la Franklin.

Ofa ilikuwa ya kumlegeza mtu magoti. Fedha ya kusaini peke yake ilikuwa kiasi ambacho Stoke ingemlipa kwa miaka, na mshahara wa wiki ulikuwa mara kadhaa ya zile pauni 12.

Kuondoka kimya kimya

Franklin aliwaarifu FA kwamba hatapatikana kwa ziara ya England ya mwezi Mei wala kwa Kombe la Dunia, kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito. Ujauzito ulikuwa wa kweli, ila haikuwa sababu yote. Mei 1950 yeye na George Mountford, winga mwenzake wa Stoke, wakaondoka na wake zao. Habari zilipofika magazetini, walikuwa wameshafika Bogota.

Uingereza ilichemka. FA na Stoke zilimchukulia kama msaliti. Haikuwa mara ya kwanza mchezaji kulalamika mshahara, ila beki namba moja wa taifa kutimka wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, tena kwenda kwenye ligi iliyofungiwa, hilo lilikuwa halijatokea.

Wengine wakamfuata. Charlie Mitten wa Manchester United alikuwa na timu yake ziarani Marekani alipopata ofa, naye akaenda Santa Fe. Billy Higgins wa Everton na Bobby Flavell wa Hearts wakatua Millonarios. Roy Paul wa Swansea na Jack Hedley wa Everton walifika, wakapaangalia, wakageuza. Magazeti ya Kiingereza yakawabatiza majambazi wa Bogota.

Bogota haikuwa peponi

Jiji walilolikuta halikuwa lile la kwenye ahadi. Miaka miwili kabla, Aprili 1948, mwanasiasa Jorge Eliecer Gaitan alipigwa risasi mchana kweupe katikati ya Bogota, jiji likachomwa moto na nchi ikaingia kwenye umwagaji damu uliodumu miaka mingi. Franklin alipofika kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku.

Bogota ipo mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni anahema akipanda ngazi tu, sembuse kukimbia dakika 90. Lugha hawakuijua. Chakula na ratiba ya maisha vilikuwa tofauti. Vera, mjamzito na mbali na ndugu zake, hakuwa na raha, na Franklin akaona kwamba fedha haitibu hilo.

Uwanjani hakuwa na tatizo. Alicheza mechi sita kwa Santa Fe. Baada ya hapo, kama miezi miwili tu tangu afike, akafunga virago na kurudi Uingereza. Mountford akabaki mpaka msimu uishe, na Mitten akakaa mwaka mzima.

Kilichotokea Belo Horizonte

Juni 29, 1950, Franklin akiwa Bogota, England ilishuka uwanjani Belo Horizonte kucheza na Marekani, timu ya wachezaji ambao wengi wao walikuwa na kazi zao nyingine za kuwapatia riziki. Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti, akafunga kwa kichwa kipindi cha kwanza. England ikashambulia mpaka mwisho, haikupata kitu. 1-0. Siku tatu baadaye Hispania nayo ikashinda 1-0, na Waingereza wakarudi nyumbani.

Je, Franklin angezuia lile bao? Hakuna anayeweza kuapa. Laurie Hughes wa Liverpool, aliyepewa nafasi yake, hakuwa beki mbovu, na tatizo la siku ile lilikuwa mbele, kwenye kufunga. Ila kwa miaka minne iliyofuata England ilihangaika kweli na namba 5, ikijaribu huyu na kumtoa yule.

Novemba 1953 Hungary ilipokwenda Wembley na kushinda 6-3, Harry Johnston wa Blackpool ndiye aliyekuwa beki wa kati. Nandor Hidegkuti alikuwa akirudi nyuma kuchukua mpira, na Johnston hakujua amfuate au abaki. Hidegkuti akafunga mabao 3. Miezi sita baadaye Budapest ikawa 7-1. Kukabiliana na straika wa namna ile kulihitaji beki anayesoma mchezo na asiyeogopa kutoka na mpira mguuni. England ilikuwa naye mmoja, ana miaka 31, anacheza Daraja la Pili.

Shida ile iliisha kwenye Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi, Billy Wright alipohamishiwa katikati. Wright akakaa pale mpaka akafikisha mechi 105, mchezaji wa kwanza duniani kuvuka 100 kwa taifa lake. Jezi aliyovaa katika sehemu ya pili ya safari hiyo ndiyo ile aliyoiacha Franklin.

Adhabu na Hull

Aliporudi, Franklin alikuta mlango umefungwa. Alifungiwa kucheza, na Stoke, klabu iliyomlea, haikumtaka tena zaidi ya kuhakikisha inapata fedha yake. Alikaa nje miezi kadhaa bila mpira, beki aliyekuwa akitajwa kuwa bora kuliko wote nchini.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kama si la kuudhi. Klabu zilizosema mchezaji ana tamaa ya fedha hazikuona aibu kumuuza kwa bei kubwa. Februari 1951 Hull City ya Daraja la Pili ilitoa pauni 22,500, ada kubwa mno kwa beki wakati ule. Yeye akarudi kwenye mshahara wenye kikomo, kama wenzake wote.

Hull haikuwa timu ya kubeza. Kocha mchezaji wake alikuwa Raich Carter, fundi aliyecheza na Franklin katika timu ya taifa, na ndani ya kikosi kulikuwa na kijana Don Revie, ambaye baadaye aliifanya Leeds United kuwa timu ya kuogopwa. Mashabiki wa Hull walimwona Franklin akitoka na mpira kwa utulivu ule ule. Lakini majeraha yakaanza kumwandama na ndoto ya kupanda daraja haikutimia.

Timu ya taifa haikumwita tena. Hakuna barua iliyotangazwa ya kumfungia maisha, lakini jina lake halikuonekana kwenye orodha tena.

Mwaka 1956 alihamia Crewe Alexandra, mwaka uliofuata Stockport County, kisha akamalizia kwenye timu za nje ya ligi. Mwaka huo huo wa 1956 alitoa kitabu cha maisha yake, na ndani yake Bogota ilipewa nafasi kubwa.

Baada ya buti

Alijaribu ukocha. Alifundisha Apoel ya Nicosia, Cyprus, halafu Novemba 1963 akachukua Colchester United. Ilikuwa kupanda na kushuka: timu ilishuka 1965 mpaka Daraja la Nne, akaipandisha mwaka mmoja baadaye, ikashuka tena 1968 na yeye akaondoka. Ndiyo ikawa mwisho wake kwenye benchi. Aliendesha pia baa, kazi waliyoikimbilia wachezaji wengi wa zama zake wasiokuwa na akiba. Alifariki Februari 1996 akiwa na miaka 74.

Mpaka leo anaweza kuwagawa watu. Wapo wanaosema jezi ya taifa haipimwi kwa pauni, na kwamba aliwaacha wenzake wakati mbaya kuliko wote. Wapo wanaouliza ni mfanyakazi gani wa fani nyingine aliyekuwa akiambiwa ajaze watu 40,000 kila wiki, alipwe pauni 12, na asiruhusiwe hata kuhama. Pande zote mbili zina hoja.

Kilicho wazi ni kwamba sheria zile hazikudumu. Januari 1961, baada ya chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kutishia mgomo, kikomo cha mshahara kilifutwa. Muda si mrefu Fulham ikawa inamlipa Johnny Haynes pauni 100 kwa wiki. Mwaka 1963 George Eastham, aliyekuwa ameng'ang'aniwa na Newcastle alipotaka kuhama, alishinda mahakamani na ule utaratibu wa kumshikilia mchezaji mkataba ukiisha ukapata pigo.

Eastham huyo huyo alikuja kusajiliwa Stoke City 1966. Mwaka 1972, akiwa mkongwe, alifunga bao la ushindi Stoke ilipoilaza Chelsea 2-1 Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza katika historia ya klabu ambayo Neil Franklin alianza nayo mpira na hakushinda nayo kitu.